Donauradweg, Passau mpaka Vienna kwa baiskeli: siku 7 bila kugeuza shingo

Mwenye haraka aondoke na hii: njia yenyewe nyota 5, vivuko nyota 5, malazi nyota 4, kampuni tuliyokodi baiskeli nyota 2. Mwenye muda akae, kuna mengi ya kueleza.

Naongelea Donauradweg, njia ya baiskeli inayofuata mto Danube, kile kipande cha kuanzia Passau hapa Ujerumani mpaka Vienna, Austria. Ni kama kilomita 320. Mimi naishi Bavaria mwaka wa kumi na moja sasa, nimeshapita vipande viwili vitatu vya hii njia wikiendi, ila safari nzima nilikuwa sijawahi. Mwaka huu mjomba alikuja kunitembelea, kaka yake mama, ana miaka 61, mtu wa Ifakara, nikasema hapa ndo pa kumpeleka, sio mjini kuzunguka maduka.

Inabidi niwaeleze kidogo kuhusu mjomba maana bila yeye hii ripoti haina uzito. Toka nipate akili namjua na Phoenix yake nyeusi yenye keria ya nondo. Kabeba mpunga, kabeba mkaa, kabeba mimi na mdogo wangu kwenda kliniki, kabeba mpaka kitanda cha futi tano kwa sita. Mwaka 2009 akitoka mashineni kukoboa, jioni, lori likamsukuma mtaroni, gunia likapasuka, mfupa wa bega ukavunjika na lori halikusimama. Bega lilipona ila mjomba akabaki na tabia moja ambayo nilikuja kuielewa vizuri huku, nitaifikia.

Kwanza njia yenyewe ikoje. Kwa sehemu kubwa ni lami safi, upana wa gari dogo moja hivi, inakwenda pembeni ya maji kabisa, kushoto mto kulia shamba au kinyume chake. Magari hayaruhusiwi. Utakutana na trekta la mkulima, gari la watu wa mto wanaokagua kingo, basi. Mteremko wake ni ule wa mto wenyewe: Passau iko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari, Vienna kama 160, kwa hiyo kilomita zote hizo unashuka mita 140 tu, hausikii kama unashuka ila miguu inajua. Na upepo mara nyingi unatoka magharibi, unakusukuma mgongoni. Ndo maana karibu kila mtu anaanzia Passau kwenda Vienna, wale tuliopishana nao wakija upande wa pili walikuwa wameinamia usukani.

Sasa kampuni ya kukodi. Jina silitaji. Tuliagiza baiskeli mbili za gia 21 na mabegi ya nyuma, tukatuma na vipimo vya urefu wetu, kulipa tukalipa mapema. Tumefika asubuhi ya mvua nyepesi, ya kwangu sawa, ya mjomba fremu ndefu, siti wameishusha mpaka mwisho na bado miguu inagusa pedeli kwa vidole. Kijana wa pale akasema hiyo ndo iliyobaki, eti nyingine zimetoka jana yake. Mjomba akasema haina shida mwanangu twende. Mimi nilikuwa na shida maana nimelipa, nikabishana nusu saa mpaka wakatoa moja ya ndani, fremu sawa, ila breki ya nyuma imeisha kabisa raba zimebaki unene wa kadi ya simu, na cheni ukiweka gia ya juu inaruka. Raba wakabadilisha, cheni wakasema itakaa sawa njiani. Haikukaa. Siku ya tatu, Jumapili, ikawa inaruka kila mzunguko, kupiga simu hakuna anayepokea, maduka yote ya baiskeli yamefungwa maana Austria Jumapili ni Jumapili kweli, mkate wenyewe usipokuwa na mgahawa jirani hupati. Mjomba akaipindua baiskeli magurudumu juu, akachuchumaa nyuma yake akajifumba jicho moja akaangalia kile kichuma kinachoshika mkono wa gia, akaniambia njoo uone, hiki kimepinda kwenda ndani. Kweli, kimepinda kama nusu kidole. Akakishika kwa mikono miwili akakirudisha taratibu, anavuta kidogo anazungusha pedeli anasikiliza, anavuta tena, anasikiliza. Dakika kumi. Mpaka Vienna haikuruka tena hata mara moja. Kampuni nikawaandikia, barua pepe ya tatu ndo wakajibu, wakarudisha euro 20. Hizo nyota 2 nimewapa kwa sababu mabegi yalikuwa mazuri, mvua yote ya siku ya kwanza haikuingia hata tone.

Ushauri wangu kwa hilo: fika siku moja kabla, ijaribu baiskeli barabarani, panda gia zote, funga breki ukiwa kwenye mwendo. Ukisubiri asubuhi ya safari huna pa kwenda.

Passau yenyewe tulilala usiku mmoja na inastahili. Mito mitatu inakutana pale, Ilz, Danube na Inn, na ukisimama kwenye ile ncha ya mwisho ya mji unaona rangi tatu za maji zinavyokwenda sambamba kabla hazijachanganyika. Ilz ni nyeusi kama chai ya rangi, Inn ni ya kijani iliyochafuka kwa maziwa maana inatoka kwenye barafu za milima ya Alps, Danube iko katikati yao. Mjomba alisimama pale muda mrefu sana. Kwenye ukuta wa ukumbi wa mji wameandika alama za mafuriko ya miaka yote, ya juni 2013 maji yalifika mita 12.89, alama iko juu ya vichwa vyetu mbali, mjomba alinyoosha mkono juu na bado haigusi. Akaniambia hawa watu nao wanayajua maji. Sisi wa bonde la Kilombero mafuriko hatuhadithiwi.

Siku ya kwanza tulitoka kwa upande wa kaskazini, Obernzell, Jochenstein, pale Ujerumani inaisha na Austria inaanza na hakuna hata wa kukuuliza pasi. Na hapa ndo niliiona ile tabia. Kila mjomba akisikia sauti nyuma, anatoka kwenye lami anaingia majanini, anashusha mguu, anasubiri ipite. Sauti zenyewe ni baiskeli. Wazee wa Kijerumani, mama na mtoto kwenye kikokoteni cha nyuma, wanafunzi. Kengele ikilia tu, yeye yuko kwenye majani. Wanampita wanamsalimia, anawajibu, anarudi kwenye lami, dakika tano nyingine hiyo. Nilihesabu mara 9 kabla ya Obernzell nikaacha kuhesabu. Pale mwanzo njia iko sambamba na barabara kuu, magari unayasikia, kwa hiyo nikajua labda ni hayo. Ila baada ya Jochenstein hakuna gari kabisa, msitu upande mmoja mto upande mwingine, na bado anatoka. Nikamwambia mjomba hapa hakuna gari, hawaruhusiwi. Akasema najua mama, we endesha tu.

Mimi nilizoea huku nikasahau. Nyumbani mwenye baiskeli hana barabara, ana ule ukingo wa mchanga tu, na huo pia sio wake. Unaendesha ukiwa umegeuza shingo nusu, sikio liko nyuma masaa yote. Mjomba kaendesha hivyo miaka 45.

Jioni tukafika Schlögen, pale mto unakutana na mwamba mgumu, unageuka kabisa kurudi ulikotoka halafu unageuka tena. Ukipanda mguu dakika kama 40 juu ya kilima unaona pindo lote kwa jicho moja, maji ya kijani yamezunguka mlima kama mkono umekumbatia gunia. Usiache kupanda, hata kama umechoka. Sisi tulipanda asubuhi, ukungu ulikuwa bado unatoka kwenye maji.

Kutoka Schlögen mpaka Aschach kwa upande wa kusini, kwangu mimi ndo kipande bora cha safari nzima kwa utulivu. Bonde limebana, msitu unashuka mpaka majini, barabara kubwa ya magari imekwenda kupita juu mlimani huko mbali, chini mmebaki nyie na mto. Unasikia tairi zako kwenye lami. Unasikia mtu anayeongea ng'ambo. Nyumba moja moja zenye bustani, meza mbili nje, wanauza supu na juisi ya tufaa iliyochanganywa na maji ya gesi, unakunywa glasi nusu lita unaendelea.

Kwanini kuna njia tambarare namna hii mahali ambapo milima imeshuka mpaka mtoni? Niliuliza na kusoma maana ilinisumbua. Zamani kabla ya meli za injini, mashua za mizigo zilizokuwa zinapanda mto zilivutwa na farasi, msururu mrefu wa farasi wanatembea ukingoni na kamba. Kwa hiyo ukingo ulitengenezwa njia ya farasi, mpaka leo wanaiita Treppelweg. Halafu kuanzia miaka ya 1950 wakajenga mabwawa ya umeme mengi kwenye huu mto, moja baada ya jingine, na kila bwawa linahitaji matuta marefu pembeni na barabara ndogo juu ya tuta ya kukagulia. Barabara ya kukagulia ikiwekwa lami na kibao cha kukataza magari, umepata njia ya baiskeli. Nilivyomweleza mjomba akacheka kwa furaha kabisa akasema, kumbe hili ni tuta la mfereji tu, kama yale ya skimu ya mpunga, tofauti wametia lami. Na ni kweli, matuta ya mifereji kwetu watu tayari wanapita na baiskeli, tambarare, kimya, hakuna lori linaloweza kuingia. Hilo neno lake limenikaa kichwani mpaka leo.

Ila nisiwadanganye, sio kilomita zote 320 ni kimya. Kuingia Linz barabara kuu iko pembeni kabisa, njia ya baiskeli imetenganishwa lakini kelele na moshi unavyo, kilomita kadhaa unavumilia. Baada ya Grein kwa upande wa kaskazini pia barabara kuu imekaa karibu mno, pale vuka nenda kusini. Vijijini unachangia vichochoro na wenyeji, wanaendesha pole. Kanuni ambayo ilitusaidia: kabla ya kila kipande angalia ramani uone barabara kuu iko ukingo upi, wewe chukua ukingo mwingine. Sehemu nyingi njia iko pande zote mbili, na kuvuka ni kwa daraja, kwa juu ya bwawa la umeme, au kwa kivuko.

Vivuko sasa. Hivi ndo nimevipa nyota 5 bila kufikiria. Vingi ni vidogo, mnaingia na baiskeli zenu euro chache, hakuna kubuku, unasimama ukingoni mwenye kivuko anakuona anakuja. Kile cha Ottensheim hakina injini ya kukisukuma. Nilikuwa sijui, mjomba ndo aligundua. Tumeingia, mlango umefungwa, kivuko kikaanza kwenda na hakuna kelele yoyote ya mashine, maji tu yanapiga ubavuni. Akaangalia juu: waya mmoja mnene umevutwa kutoka ukingo mpaka ukingo juu kabisa ya mto, na kutoka kwenye huo waya kuna kamba ya chuma imeshuka imeshika kivuko, juu kuna roda inatembea kwenye waya. Nahodha anachofanya ni kukilaza kivuko kidogo kwa pembe, mkondo unagonga ubavu, unakisukuma kwenda pembeni, roda inakimbia juu, mmefika. Kurudi anakilaza upande wa pili. Mjomba alimfuata yule nahodha, Kijerumani hajui, Kiingereza kidogo, akawa anaonyesha kwa mikono, waya, maji, pembe, yule mtu akaelewa mara moja akamwachia ashike usukani. Mkono wa mzee wangu kwenye usukani wa pantoni ya Danube, picha ninayo. Akatoka pale anasema maji yenyewe ndo injini, maji yenyewe ndo injini. Kabla daraja la Kilombero halijajengwa watu wa Ifakara tulikuwa tunaishi na pantoni, tunajua kukaa masaa unasubiri, na tunajua na misiba yake. Kwa hiyo alivyokuwa anauangalia ule waya alikuwa anaupigia hesabu kabisa.

Linz tulilala tukapita, mji mkubwa wa viwanda, kula keki yao uendelee.

Kutoka Linz kwa upande wa kaskazini ni juu ya tuta moja kwa moja, laini, mpaka Mauthausen. Wengi wanaendesha wanapita chini wanaenda zao. Sisi tulisimama. Juu ya kile kilima Wanazi walikuwa na kambi kuanzia 1938 mpaka 1945, watu kama 190,000 walipelekwa kwenye kambi hiyo na matawi yake, si chini ya 90,000 walikufa. Barabara ya kupanda ni kali, tuliacha baiskeli mjini tukatembea. Chini ya kambi kuna machimbo ya mawe, na ngazi 186 ambazo wafungwa walipandishwa na mawe mgongoni. Mjomba alikaa juu ya ukingo wa machimbo akaangalia zile ngazi, hakusema kitu mpaka tumerudi mtoni, na hata mtoni tuliendesha kama saa nzima bila kuongea. Sijui kama nimshauri mtu apite huko katikati ya likizo. Mimi nisingetaka kuendesha chini yake nikijifanya sijui.

Baada ya hapo ni uwanda wa Machland, mahindi, maboga, mahindi, viazi, mahindi. Kuna watu wanasema kipande hiki kinachosha. Nilifikiria hivyo pia ila nilikuwa na mkulima. Alisimama mara tatu, akaingia mstari wa kwanza tu wa shamba, akapima kwa kiganja nafasi ya mche na mche, akashika udongo akausugua kwa kidole gumba akaunusa. Udongo wa mafuriko huu, akasema. Mto umelala hapa. Na kweli bonde lote hilo mto ulikuwa unalifunika, siku hizi wamejenga tuta refu la kuzuia.

Malazi kwa ufupi: nyumba za wageni zimejaa njia nzima, nyingi zina banda la kufungia baiskeli na sehemu ya kuchaji betri kwa wenye za umeme. Tulikuwa tunalipa kama euro 90 mpaka 120 kwa vyumba viwili, chai ya asubuhi ndani, na hiyo chai ni mlo kamili, mkate wa aina nne, mayai, jibini, asali. Julai na Agosti usitegemee kufika bila kubuku. Nyota 4 badala ya 5 kwa sababu sehemu moja karibu na Grein walitupa chumba juu ya baa na watu waliimba mpaka saa nane usiku. Njiani kila baada ya umbali fulani kuna nguzo yenye pampu na spana zimening'inizwa kwa waya, bure, tulitumia mara mbili.

Ni siku ya nne, baada ya Grein, upande wa kusini. Bonde limebana tena, kuna kivuli, tumekula vizuri. Mjomba yuko mbele yangu kama mita 30. Wakaja watu wawili nyuma yangu kwa kasi, wale wa baiskeli za mbio, wakanipita, wakapiga kengele kwa mjomba. Mimi macho yangu yako kwake. Hakutoka kwenye lami. Hakugeuka. Alisogea kulia kidogo tu, akainua mkono wa kushoto akawapungia wapite, akaendelea kukanyaga. Bega lile lile. Sikumwambia kitu, nilibaki nyuma kidogo maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone.

Melk kuna abasia kubwa ya rangi ya njano juu ya mwamba, watawa wa Kibenediktini wapo pale toka mwaka 1089. Mama yangu na mjomba wazazi wao walitoka upande wa Songea, mama kasoma Peramiho kwa Wabenediktini waliokuja kutoka Ujerumani, kwa hiyo mjomba aliingia kanisani akapiga magoti kama kwao. Maktaba yao nenda, dari yake uiangalie.

Kutoka Melk mpaka Krems ndo bonde la Wachau, kilomita kama 37 tu, usizimalize kwa masaa mawili nakuomba. UNESCO wameiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Milima yote imekatwa ngazi ngazi kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, juu yake zabibu, na chini tambarare ya mto ni miti ya aprikoti. Sisi tulifika katikati ya Julai na hilo ndo tunda linaiva wiki hizo. Wao wanaliita Marille. Kama hujawahi kuliona, ukubwa wa limao dogo, rangi ya embe bivu lenye wekundu upande uliopigwa jua, ngozi ina vinyweleo laini ukilipitisha mdomoni unavisikia, ukilibana kwa vidole linapasuka kwenye mstari wake na kokwa linatoka safi. Linauzwa pembeni ya njia kwenye vimeza, wengine mwenyewe hayupo, kuna kisanduku cha pesa na bei kwenye karatasi. Tulinunua kilo mbili, moja haikufika kivukoni. Halafu migahawani wanalipika: tunda zima wanalifunga ndani ya unga uliokandwa laini, wanachemsha, wakilitoa wanalivingirisha kwenye chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi, juu sukari. Ukikata kwa kijiko mvuke unatoka na maji ya njano yanamwagika kwenye sahani, utamu na uchachu pamoja. Mjomba alikula manne, akaagiza mengine mawili.

Tulikwenda kwa upande wa kusini mpaka Arnsdorf, tukavuka kwenda Spitz, na hicho kivuko pia ni cha waya na mkondo, mjomba akakisalimia kama ndugu. Kutoka Spitz njia inapita katikati ya mashamba ya zabibu na vijiji mpaka Dürnstein. Juu pale kuna magofu ya ngome ambayo mfalme Richard wa Uingereza alifungiwa kuanzia mwisho wa mwaka 1192, akitokea vita vya msalaba, kabla hajahamishiwa Ujerumani na baadaye uhuru wake kununuliwa kwa fedha nyingi mno. Chini kanisa lina mnara wa rangi ya buluu. Dürnstein ndo sehemu pekee niliyokerwa na umati, meli za watalii zinashusha watu mia kwa mara moja na kichochoro ni chembamba, shuka kwenye baiskeli usukume. Nenda mapema asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni.

Krems kwenda Tulln ni uwanda tena na matuta. Ukipita kusini utaona jengo kubwa la zege na dohani refu, Zwentendorf, mtambo wa nyuklia. Walijenga wakamaliza, halafu tarehe 5 Novemba 1978 wananchi wakapiga kura, hapana ikashinda kwa asilimia 50.47, haukuwashwa hata siku moja. Njia ya baiskeli inapita chini yake. Mjomba alitaka nimsomee kibao mara mbili.

Kuingia Vienna nilikuwa na wasiwasi maana miji mikubwa ndo inaharibu safari, lakini kutoka Klosterneuburg unaletwa na maji mpaka ndani, na ukitaka unavuka kwenda Donauinsel, kisiwa cha kutengenezwa chenye urefu wa kilomita 21 ambacho walikijenga kwa udongo wa mfereji waliouchimba kuzuia mafuriko, hakuna magari, watu wanaogelea, wanachoma nyama. Kile kipande cha mwisho tu cha kutoka mtoni mpaka hotelini, kilomita mbili za mtaa wenye tramu na malori ya mizigo, mjomba alishuka akasukuma baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu. Nilishuka nikasukuma naye.

Mambo ya mwisho ya kujua. Msimu ni Mei mpaka Septemba, aprikoti ni Julai ila joto lipo, tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi siku mbili. Mafuriko yakija baadhi ya vipande vinafungwa, angalia kabla. Beba maji, beba pesa taslimu kwa ajili ya vivuko na vimeza. Alama za njia ziko wazi, ukifuata namba 6 ya EuroVelo, ule mtandao wa njia ndefu za baiskeli za Ulaya, hupotei, hiyo hiyo inatoka Atlantiki Ufaransa mpaka Bahari Nyeusi. Kurudi na treni nafasi ya baiskeli inabukiwa mapema na zinaisha, zile treni za mikoa ni rahisi zaidi. Siku 7 zilitutosha, ukiwa na miguu ya mbio 4, ila ukiwa na mzee au watoto usikubali chini ya 6.

Mjomba karudi Ifakara na picha 40 za roda na waya wa kivuko kutoka kila upande, anasema kuna fundi anataka kumwonyesha. Mwakani tumepanga Vienna mpaka Bratislava na kuendelea mpaka Budapest, visa ikitoka.